Ndiyo, tunachunga mbwa. Na watu hatujawasahau

Goma, Jumatano 28 Septemba 2022



Kila Jumamosi asubuhi, tukipita na bidoni na masufuria yetu, kuna mtu atatusimamisha. Mara ni motari anayengojea abiria, mara ni mama anayeuza makala, mara ni rafiki tuliyesoma naye. Swali ni moja: "Batu banakufa Rutshuru, Bunagana imekamatwa tangu mwezi wa sita, na nyie muko nachunga imbwa?"

Hatukasiriki. Ni swali la haki. Sisi ndio munatujua barabarani tukidai maji, tukidai usalama, tukidai barabara. Wenzetu wamelala kasho juu ya maneno hayo. Mtu aliyezoea kutuona na mabango, siku moja akituona na sufuria ya mifupa, ana haki ya kuuliza kama tumechoka ao kama kuna mtu ametununua.

Leo ni siku ya dunia nzima ya kupigana na kichaa cha mbwa, ule ugonjwa ambao wengi wetu tunauita raje. Tumechagua siku hii ili tujibu. Jibu letu si la kujisifu, juu ndani yake kuna kosa letu wenyewe, na kuna mtoto aliyekufa.

Ilianzaje

Munakumbuka 2021. Jumamosi 22 Mei, usiku, Nyiragongo ikapasuka. Moto ukashuka mpaka Buhene, ukasimama karibu na uwanja wa ndege. Siku tano nyuma, Alhamisi 27 Mei, asubuhi na mapema, gavana akatangaza kwamba mitaa kumi ya mji iondoke mara moja. Udongo ulikuwa unatetemeka mchana na usiku. Watu wakatoka na magodoro kichwani. Wengine Sake, wengine Rutshuru, wengine mashua za Bukavu, wengine wakavuka mpaka wa Gisenyi. Kila mtu alibeba alichoweza. Mbwa, karibu hakuna aliyembeba. Hatulaumu mtu. Ukiwa na watoto watatu na nafasi moja kwenye lori, hauchague mbwa.

Tuliporudi mwezi wa sita, tuliwakuta. Wengine walikuwa wamekufa na mnyororo shingoni, nyuma ya parseli. Wengine walikata kamba, wakafanya makundi, wakawa wanazunguka kwenye takataka za soko. Mbwa aliyekuwa na jina na bwana wake kabla ya volkano, sasa akawa mbwa wa barabara, na kila mtu akawa na jiwe la kumtupia.

Mzee mmoja wa kwetu, aliyefanya kazi ya kutibu mifugo maisha yake yote na ambaye pensheni yake inafika pale inapotaka, akafungua mlango wa parseli yake. Alianza na mbwa wawili wa jirani ambaye hakurudi. Wakawa watano, kisha kumi na moja. Leo ni karibu ishirini. Makao yenyewe si kitu cha kuonyesha wageni: ukuta wa mawe ya volkano, bati za zamani, vyumba vidogo vya mbao, shimo la takataka. Hatuandiki jina lake wala avenyu yake, juu yeye mwenyewe ametuomba. Watu wakijua, wanaleta watoto wa mbwa usiku ndani ya mfuko, wanaacha mlangoni, wanakimbia. Imeshafanyika mara tatu.

Kitu cha kwanza alichotuomba kilikuwa maji. Kwake bomba halitoi, na mgongo wake hauwezi tena bidoni ya lita 20. Tukaanza kubeba bidoni. Njo hivyo tulianza. Hakuna mradi, hakuna mfadhili, na kwa wale wanaouliza, hakuna mzungu.

Kazi yenyewe

Kuna wanaofikiri tunaenda kucheza na watoto wa mbwa na kupiga picha. Karibuni muone. Tunafika saa mbili asubuhi. Kazi ya kwanza ni kutoa mavi na kuyatupa shimoni. Ya pili ni kuosha vyumba na masahani kwa sabuni. Ya tatu ni kupika: unga wa muhindi, vichwa vya sambaza, na mifupa na matumbo ambayo wachinjaji wanatupunguzia bei kama siku imekuwa nzuri. Tunapika ya siku mbili. Kisha kuna vidonda vya kuosha, kupe za kutoa, mbwa mwoga wa kukaa naye karibu bila kumgusa mpaka akubali kula mbele ya mtu. Wengi wanaokuja mara ya kwanza hawarudi mara ya pili. Wanaorudi, hao njo wetu.

Kuna kanuni. Mbwa mpya anakaa peke yake siku kumi, na hakuna anayemgusa zaidi ya mzee. Picha ni baada ya kazi. Mtu akiumwa ao akikwaruzwa, hata kidogo, anasema palepale, hafiche juu ya haya.

Kati ya mbwa hao kuna jike mmoja mweusi, sikio moja limekatika nusu. Watoto wa avenyu walimuita Tutaona. Jina hilo lilitoka kwa mzee. Kila mara alipoenda kwenye ofisi kuomba chanjo ya mbwa kwa ajili ya kartie, watoto walimuuliza akirudi: "Papa, walisema nini?" Naye anajibu: "Walisema tutaona."

Tulicheka sana na jina hilo. Mpaka siku ambayo tutaona ilitoka kwenye midomo yetu wenyewe.

Kosa letu

Ilikuwa mwezi wa tatu mwaka huu, Jumanne. Mama mmoja akatupigia simu. Alisema kwenye parseli ya jirani kuna mbwa ambaye amebadilika. Zamani alikuwa mtulivu, sasa anatafuna mbao na mawe, mate yanatoka mdomoni, sauti yake si ile ya kawaida, maji hanywi. Tulikuwa kwenye mkutano, tunatayarisha maandamano. Tukamjibu vile ofisi zinatujibuka siku zote: "Mama, tutapita Jumamosi."

Alhamisi mbwa akatoka. Watoto wawili walikuwa wanarudi kuchota maji. Yule wa miaka kumi alimuuma paja, damu ikatoka nyingi. Yule wa miaka saba jino lilimpata tu juu ya mkono, kidonda kidogo kama cha msumari. Vijana wa avenyu wakamuua mbwa kwa mawe, wakamtupa. Kila mtu akasema, ashukuriwe Mungu, imeisha.

Jamaa la kwanza, ile damu iliwatisha. Wakaenda kituo cha afya: chanjo ya kichaa cha mbwa hakuna. Wakaenda kingine: wakapewa sindano ya pepopunda, wakaambiwa warudi nyumbani. Siku ya tatu wakaipata katika duka la dawa, na bei ya sindano zote ilipita kodi yao ya nyumba ya miezi miwili. Watu wa avenyu wakachanga, na sisi tukaongeza. Mtoto alipata sindano zake zote. Leo yuko kwenye masomo.

Jamaa la pili waliona kidonda ni kidogo. Walikipaka pilipili na mafuta ya taa, vile wengi wetu tulifanyiwa tukiwa wadogo. Kikakauka. Tulipita kuwasalimia, tukaona mkono umepona, tukafurahi pamoja nao, tukaenda zetu. Hatukuwaambia kitu, juu na sisi hatukujua kitu.

Mwezi wa tano mtoto akaanza kusema mkono unamwasha, palepale palipopona. Kisha homa. Kisha akawa akionyeshwa kikombe cha maji koo linakaza na anapiga kelele. Siku nne. Hatutaandika zaidi ya hapo. Mama yake alitupa ruhusa ya kuandika haya bila jina, akasema: "Andikeni, ili mwenzangu asikie." Tumeandika.

Kwenye kilio hakuna aliyetulaumu. Lakini sisi tunajua simu ilitufikia Jumanne.

Yale tulipaswa kujua

Baada ya kilio mzee alitukalisha chini na kutufundisha. Tunayaandika hapa bila kuzunguka, muyapitishe kwenye simu zenu, muyasome kanisani, msikitini, kwenye kikundi cha akiba.

Kichaa cha mbwa kinapita kwenye mate. Mbwa mgonjwa akikuuma, ao akilamba mahali ngozi imepasuka, virusi vinaingia, vinatembea polepole kwenye mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Safari hiyo inaweza kuchukua wiki chache ao miezi. Mara nyingi ni miezi miwili ao mitatu, na wakati wote huo mtu anajisikia mzima. Njo maana tunadanganyika. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona, hata katika nchi zenye hospitali kubwa. Lakini kabla ya dalili, ugonjwa huu unazuilika. Kati ya kufa na kupona kuna siku chache na mambo mawili.

La kwanza ni maji na sabuni. Kidonda kioshwe palepale, maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 nzima. Si dakika mbili. Si pilipili, si mafuta ya taa, si majani, si jiwe jeusi. Sabuni ya kawaida, ile ya kufulia, inaua virusi vingi kabla havijaingia ndani.

La pili ni chanjo, haraka, siku ileile kama inawezekana, na sindano zote mpaka ya mwisho. Kidonda kikitoka damu kuna dawa nyingine pia ambayo daktari anaweka ndani ya kidonda chenyewe. Ukubwa wa kidonda si kipimo. Kidonda kidogo kimemchukua mtoto wetu.

Mtu wa kwanza kupewa chanjo hii alikuwa mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, kule Ufaransa, 6 Julai 1885. Aliyemtibu ni Louis Pasteur, ambaye alikufa tarehe kama ya leo, 28 Septemba, mwaka 1895. Njo sababu siku hii ilichaguliwa. Hesabuni wenyewe: dawa iko duniani miaka 137, na katika mji wetu mtoto anakufa juu ya kuikosa. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 wanakufa na ugonjwa huu kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na karibu wote juu ya mbwa. Kati ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, karibu 40 kwa 100 ni watoto wa chini ya miaka 15. Huu si ugonjwa wa mbwa. Ni ugonjwa wa watoto wa maskini, unaopitia kwa mbwa.

"Muue yote"

Baada ya kifo kile watu walisema: mbwa wote wauawe. Tunaelewa hasira. Tulikuwa nayo. Na tunajua kwamba katika miji mingi, wakubwa wakibanwa, jibu lao la haraka ni risasi ao sumu. Ni rahisi, inaonekana, na kwa siku mbili watu wanapiga makofi.

Lakini haizuie ugonjwa. Ukiua mbwa wa avenyu na takataka za chakula zikabaki palepale, mbwa wengine wanatoka avenyu ya pili wanakuja kujaza nafasi. Watu wanaopenda mbwa wao wanawaficha ao wanawahamisha, na ugonjwa unahama nao. Na risasi haichague: inaua hata yule aliyechanjwa, yule aliyekuwa ngao yako. Sumu yenyewe inaokotwa na kuku, na mbuzi, na mtoto.

Kinachozuia kinajulikana. Chanja angalau mbwa 70 kwa 100 mahali fulani, rudia kila mwaka, na ugonjwa unakosa njia ya kupita. Hapo hata yule mtu ambaye hajawahi kupenda mbwa analindwa na mbwa wa jirani. Nchi nyingi zimefanya hivyo. Dunia ilijiwekea lengo kwamba ifikapo 2030 asikufe tena mtu na kichaa kinachotoka kwa mbwa. Imebaki miaka nane. Sisi bado tunaambiwa tutaona.

Watu kwanza? Ndiyo, watu kwanza

Sasa turudi kwenye swali la motari.

Nani anaumwa na mbwa Goma? Si yule anayepita na gari ya vioo vyeusi. Ni mama anayetoka saa kumi za usiku kukimbilia samaki Kituku. Ni kijana wa chukudu. Ni mtoto mwenye bidoni, juu bomba la kwao halitoi. Ni mkimbizi anayelala chini ya hema. Tukidai maji kartie ile, tunamdai mtoto yule asitembee na bidoni kila siku. Tukichanja mbwa wa kartie ile, tunamlinda mtoto yuleyule kwenye njia ileile. Sisi hatuoni mapambano mawili hapo.

Wengine wanasema kupenda wanyama ni mambo ya wazungu. Huo ni uongo, na unawadharau watu wetu. Babu zetu waliwinda na mbwa, wakawafunga njuga shingoni, wakawagawia nyama. Na hapa karibu na sisi, nani amekufa akilinda Virunga? Zaidi ya walinzi 200 wameuawa katika historia ya mbuga hiyo, na ni watoto wa nchi hii. Pale Rumangabo, ni André Bauma, Mukongomani, aliyemlea Ndakasi, sokwe wa milima aliyeokotwa 2007 akiwa na miezi miwili, ameshikilia maiti ya mama yake aliyepigwa risasi. Miaka 14 nyuma, Septemba 2021, Ndakasi akafia mikononi mwa mtu huyohuyo. Pale Lwiro, Kivu ya Kusini, Wakongomani wanalea sokwemtu walionyang'anywa majangili, na vita vikiwa karibu. Na mwezi huu huu, Lubumbashi, watu wameingia usiku katika makao ya J.A.C.K., wameiba watoto watatu wa sokwemtu, na sasa wanaomba pesa ili wawarudishe. Ni kuteka nyara, ileile tunayoijua kwenye barabara ya Rutshuru. Aliyezoea kuteka mtu hashindwe kuteka mnyama, na aliyezoea kuteka mnyama hatakuonea wewe huruma.

Tunasema hivi: mji uliozoea kumpiga mawe kitu kisichoweza kujitetea, umejizoesha kitu kibaya. Tumekulia kwenye vita. Watoto wetu wameona maiti kabla ya kujua kusoma. Kijana akija Jumamosi, akakaa saa nzima karibu na mbwa aliyepigwa mpaka mbwa yule akubali kula, kuna kitu anajifunza ambacho hakuna mtu alimfundisha: kwamba nguvu inaweza kungoja. Tumewaona vijana wawili waliokuwa wakali sana kwetu, wanaopenda kupigana kwenye kila maandamano, wakibadilika pale. Hatuseme zaidi ya tulichokiona.

Kujitolea si kubeba deni la serikali

Lakini kuna hatari, na ni lazima tuiseme sisi wenyewe kabla hatujaambiwa. Kijana akijitolea, mkubwa anafurahi. Anakuja siku ya mwisho, anapiga picha, anasema: "Vijana wetu wanafanya kazi nzuri." Kisha anarudi ofisini, na ile kazi iliyokuwa yake imekuwa yetu, bure. Tumeyaona kwenye salongo: raia anafagia, pesa za usafi zinaenda pasipojulikana.

Hatukatae. Mzee hana mtu mwingine, na mbwa hawali hotuba. Ila baada ya kilio cha mwezi wa tano tulinunua daftari. Daftari ya kawaida ya shule. Kila simu inayoingia inaandikwa: siku, saa, avenyu, mbwa wa namna gani, nani aliumwa, alienda wapi, aliambiwa nini, alilipa kiasi gani. Simu ya Jumanne inajibiwa Jumanne. Tukishindwa kwenda, tunaandika kwamba tumeshindwa. Daftari ya kwanza imeshajaa.

Njo tofauti kati ya kujitolea kwa raia na kusaidia tu. Anayesaidia anafunga kidonda na kuondoka. Raia anafunga kidonda, anaandika kimetokea wapi, na Jumatatu anaenda kuuliza mwenye kazi hiyo yuko wapi. Kila ukurasa wa daftari ni bango letu. Hawawezi tena kutuambia kwamba tatizo halipo.

Kwa hiyo, kwa wale wanaoongoza mji na mkoa, wenye magwanda na wasio na magwanda, tunadai mambo manne.

Moja: chanjo ya mbwa bila malipo, mara moja kila mwaka, kartie kwa kartie, tarehe zitangazwe kwenye redio mbele ya wakati.

Mbili: chanjo ya watu walioumwa iwepo siku zote katika hospitali zinazojulikana, orodha yake ibandikwe kwenye kila kituo cha afya, na mtoto asirudishwe nyumbani juu mzazi wake hana dolari.

Tatu: kuua mbwa kwa risasi na sumu kusiitwe tena mpango wa afya. Waondoe takataka kwenye masoko. Hapo njo mbwa wanazaliana.

Nne: mpango wa kuhamisha watu siku ya volkano useme pia mifugo na mbwa watafanywa nini. Nyiragongo iko palepale. Itarudi.

Daftari tutaipeleka kwenye ofisi ya meya sisi wenyewe, nakala yake tutabaki nayo. Tukijibiwa "tutaona", tutarudi Jumatatu ya pili. Na ya tatu.

Na wewe?

Hatukuombe upende mbwa. Kama unawaogopa, endelea kuwaogopa, ni haki yako. Tunakuomba haya.

Ukiumwa ao mtoto wako akiumwa: sabuni, maji, dakika 15, kisha chanjo. Usingoje kesho. Mwambie na jirani.

Kama una mbwa, ni wako. Mchanje, mpe maji, usimfunge mnyororo mchana na usiku halafu ukashangaa ni mkali. Jike akizaa na hauwezi kulea, sema mapema, usitupe mfuko usiku kwenye mlango wa mtu.

Ukiona mbwa aliyebadilika ghafla, usimkaribie, usimpige, toa watoto njiani, tuite na uite shefu wa avenyu. Tukichelewa, tupigie tena, tutukane kama ni lazima.

Usitupe jiwe ili tu kucheka. Mtoto anayekuangalia anajifunza.

Na kama unataka kuja, njoo. Hatuna maburusi ya kutosha, hatuna glovu za kutosha, na tunatafuta daktari ao muuguzi wa kutusaidia jambo moja la haraka: sisi wenyewe tunaofanya kazi pale, wengi hatujachanjwa. Tulianza bila kujua. Mpaka tupate chanjo, wanaoshika mbwa ni wale wachache waliochanjwa tu. Wengine tunabeba maji, tunapika, tunaandika. Ujinga wetu wa kwanza ulikuwa na bei, hatutaki kulipa mara ya pili.

Mama wa yule mtoto alikuja Jumamosi moja, mwezi wa saba. Hakuna aliyemuita. Alisimama mlangoni muda mrefu, akiwaangalia mbwa. Tulifikiri atalia, ao atatutukana, na tulikuwa tayari kwa yote mawili. Aliuliza: "Hawa wote walichanjwa?" Mzee akamjibu ndiyo, wote, akamuonyesha karatasi, moja moja. Alizisoma zote. Kisha akauliza: "Na wale wa inje?"

Hatukuwa na jibu. Bado hatuna. Ndiyo sababu tunarudi pale kila siku ya posho, na ndiyo sababu tutaenda kwa meya.

Jumamosi hii, 1 Oktoba, saa mbili asubuhi, tunakutana pale pa kawaida. Lete sabuni, lete nguo za zamani, lete bidoni kama unayo. Na yule motari wetu, kama anasoma haya: njoo na moto yako, maji ni mazito.